Magego madogo ya Luzon

Kazi yangu ni meno, tena ya watu waliokufa zamani hata yakageuka jiwe. Basi Homo luzonensis, spishi ya watu wa kale iliyotoweka, ilipotangazwa mwaka 2019, wenzangu walikimbilia kidole cha mguu. Mimi nikaenda kwenye magego.

Yametoka pango la Callao, kisiwa cha Luzon, Ufilipino. Mwanaakiolojia Armand Mijares alichimba hapo mwaka 2003, akaishia mita moja na kitu. Mwaka uliofuata zikatoka habari za yule mtu wa kale mfupi wa Flores, Indonesia, aliyefukuliwa chini zaidi, na Mijares akaona aliacha kazi njiani. Mwaka 2007 alirudi, akashuka hadi karibu mita tatu. Mfupa wa wayo wenye umri usiopungua miaka 67,000 ulikuwa umechanganyika na mifupa ya wanyama, kidogo upite bila kutambuliwa. Leo visukuku vya spishi hiyo ni 13, vya watu wasiopungua watatu. Vyote unaweza kuvitia kwenye boksi la viatu.

Magego yenyewe ni madogo ajabu, na umbo lake halijapishana sana na la kwetu. Ukisogea mbele, kwenye meno yanayofuata chonge, mambo yanageuka: haya ni makubwa yakipimwa na magego, na lipo lenye mizizi mitatu, wakati yetu kwa kawaida yana mmoja au miwili. Kidole cha mguu nacho kimepinda kama cha Australopithecus, jamii ya kale ya Afrika, wale walioacha nyayo Laetoli zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita.

Je, hawa walitoka Afrika mapema, hata kabla ya Homo erectus, watu wa kale walioenea hadi Asia? Wapo wanaosema hivyo. Mimi meno yananivutia upande wa pili: ni wajukuu wa erectus waliokwama kisiwani, wakapungua mwili, na maumbile ya kale yakarudi. DNA ingetuamulia, ila ilitafutwa ikakosekana. Joto na unyevu wa kule haviiachi.

Na Luzon haikuwahi kuungana na bara, hata bahari ilipopungua kina. Hata hivyo huko Kalinga, kisiwani humohumo, alifukuliwa kifaru aliyechunwa kwa zana za mawe miaka 700,000 hivi iliyopita. Alama za kukata zinaonekana mifupani. Jino la mchunaji ndilo halijapatikana, na hilo ndilo ningelitaka mezani kwangu.