Kesi ya bomu la Dar haikuwa ya The Hague

Kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, ikitajwa tu 7 Agosti 1998, hakosekani wa kusema: "Wale walistahili kupelekwa The Hague." Hapana. Bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani hapa Dar na kuua watu 11, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile yenye makao The Hague, haikuwapo. Ilianza Julai 2002, na hairudi nyuma kushughulikia makosa ya kabla ya hapo. Tena ugaidi, kama ugaidi, haumo katika makosa yake, ambayo ni mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita na uchokozi.

Kesi za namna hii huendeshwa na mahakama za nchi. Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari aliyeshtakiwa kwa bomu hilo, alikamatwa Cape Town mwaka 1999 na kukabidhiwa Marekani harakaharaka. Hapo ndipo penye utamu wa kisheria: Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kuwa kumkabidhi vile kulikuwa haramu, kwa sababu hakukupatikana ahadi kwamba hatapewa adhabu ya kifo. Siku iliyofuata akatiwa hatiani New York. Baraza la wazee wa mahakama halikuafikiana kuhusu kifo, akapewa kifungo cha maisha.

Na Dar pia ilikuwa na kesi yake, ingawa wengi wameisahau: Mahakama Kuu ilimwachia huru Rashid Saleh Hemed, aliyeshtakiwa kwa bomu hilohilo, mwaka 2004.