Kuku Wetu Ametoka Msitu Gani?

Wako wanaoamini kuwa kuku alitokana na kanga au kwale, kwa kuwa ndio ndege wa porini tunaowajua huku Visiwani. Sivyo. Mzazi wake ni kuku mwitu mwekundu, Gallus gallus, ambaye mpaka leo anaishi katika misitu ya Asia, kuanzia India hadi Indonesia. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2020, uliochunguza kuku zaidi ya 800 wa kufugwa na wa mwitu, ulionesha kuwa kuku wa leo anatokana hasa na wale wa kaskazini mwa Thailand, Myanmar na kusini-magharibi mwa China. Rangi ya manjano ya miguu, hata hivyo, aliirithi kwa ndugu mwingine, kuku mwitu wa kijivu wa India.

Hapa Unguja alifika zamani sana. Mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyokaliwa tangu karne ya 7 hivi, mahali palipotoa pia punje za mpunga na choroko, mazao ya Asia vilevile. Mfupa wa kuku na wa kanga hufanana mno, ndiyo maana wataalamu hupima protini na vinasaba vyake kabla ya kutamka neno.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi uko uani kwako. Mtazame jogoo pale mwewe anapopita juu: jogoo hutoa mlio mwembamba, mrefu, na mitetea hujikunyata hapo hapo au kukimbilia chini ya kichaka. Akimwona paka au mbwa, hubadilisha mlio, ukawa mkali wa kukatakata, na kuku wote husimama wima, shingo juu. Kuku mwitu hufanya vivyo hivyo. Koo wa mwituni hutaga mayai 4 hadi 6 tu, kisha huatamia. Wa kisasa wa mayai hutaga karibu 300 kwa mwaka, na hamu ya kuatamia imempotea. Kuku wa kienyeji bado anayo.

Magharibi ikiingia, kuku asiye na banda hupanda mwembe, kama wazee wake walivyokimbia wanyama wa usiku. Basi ukimjengea banda, usimlaze chini: mwekee fito za kulalia, na pembeni umwachie vumbi kavu au jivu aogee, limpunguzie utitiri.