Je, wajua? Kiti cha kinyozi muuaji kilifanyaje kazi redioni wakati redio haina picha?

Muulize mtu yeyote aliyewahi kusikia habari za Sweeney Todd, huyu jamaa alikuwa anaua vipi, atakupitishia kidole shingoni. Wembe. Mimi pia nilikuwa naamini hivyo miaka yote, kwa hiyo nilipojua kwamba mwaka 1947 redio ya taifa ya Kanada, CBC, ilirusha mchezo mzima wa Sweeney Todd, swali langu la kwanza lilikuwa wembe utausikiaje, manake wembe ukipita hauna mlio. Swali lenyewe lilikuwa limesimama pabaya. Kwenye mchezo ule wa zamani anayefanya kazi si wembe, ni kiti.

Kwa asiyekijua kisa, kwa kifupi: Todd ni kinyozi wa hadithini, duka lake liko Fleet Street, London, pembeni ya kanisa la St Dunstan, anaua wateja wenye mali na kuwaibia, na jirani yake Mrs Lovett anauza pai za nyama, na hiyo nyama inatoka kwa Todd. Hadithi ilianza kutoka kidogo kidogo Novemba 1846 kwenye gazeti la bei chee la Edward Lloyd, na kabla haijafika mwisho, Machi 1847, George Dibdin Pitt alikuwa ameshaipandisha jukwaani pale Britannia, mtaa wa Hoxton, London, ukumbi wa watu wa kipato cha chini uliounganishwa na baa.

Sasa hicho kiti. Kwenye hadithi ya gazetini imeelezwa vizuri kabisa kinavyofanya kazi. Fikiria chapati kwenye kikaango, ukiigeuza upande uliokuwa chini unakuja juu. Kipande cha sakafu ya duka la Todd kiko hivyo hivyo, kimeshikwa katikati kwa mhimili, juu yake kuna kiti cha kunyolea na chini yake, kikining'inia kichwa chini miguu juu, kuna kiti kingine pacha. Mteja anakaa, anapakwa sabuni, Todd anasema ngoja kidogo, anaenda chumba cha nyuma, anavuta komeo. Uzito wa mteja unaipindua sakafu, yeye anaenda chini kichwa mbele mpaka kwenye mawe ya ghalani, na kile kiti pacha kinakuja juu kikiwa kitupu na kikavu, kama vile hakuna mtu aliyekalia hapo tangu asubuhi. Anguko ndilo linaloua. Kama mtu bado anapumua, ndipo Todd anashuka kummalizia, hapo wembe unaweza kuingia, lakini unaingia mwisho, kama mtu wa kufanya usafi.

Wembe ulipandishwa cheo baadaye sana. Miaka ya 1970 Christopher Bond aliandika mchezo wake ambao unampa Todd sababu ya kuua, kisasi, na Stephen Sondheim akaujengea muziki uliofunguliwa Broadway mwaka 1979, halafu mwaka 2007 ikaja filamu ya Tim Burton, na hiyo filamu ndo iliyotukaa wengi wetu kichwani. Humo shingo inakatwa kwanza, kiti kinabaki kazi ya kushusha maiti. Nadhani mabadiliko hayo yanaeleweka, manake mlipa kisasi anataka kumgusa adui yake kwa mkono wake, ila Todd wa 1847 hana kinyongo na mtu, yeye ni mwizi, anataka mzigo, na mwizi akipata mashine ya kumfanyia kazi anashukuru.

Na tukiwa hapo hapo, kuna kosa la pili linalotembea na hili la kwanza, kwamba Todd alikuwa mtu wa kweli na alinyongwa London mwaka 1802. Kumbukumbu za kesi za mahakama ya Old Bailey kuanzia 1674 mpaka 1913 ziko kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kutafuta, na kesi ya kinyozi huyo haimo. Mtu wa kuua watu wengi kiasi hicho, kwenye mtaa uliokuja kuwa makao makuu ya magazeti ya Uingereza, halafu asiache hata ukurasa mmoja wa kesi, haiingii akilini.

Turudi redioni. Nilikuwa nadhani redio inapoteza kitu kikubwa hapa, kwa sababu raha ya kiti ni kukiona kikirudi kitupu. Nikabadilika siku moja nyumbani. Nilimwambia mdogo wangu afumbe macho, mimi na binamu yetu tukaanza kuongea kawaida tu, habari za kazi, za foleni, na tulikuwa tumepanga kwamba binamu atanyamaza katikati ya sentensi bila kusogea hata hatua moja. Akanyamaza. Hazikupita sekunde tano mdogo wangu, macho bado kafumba, akauliza, "Kaenda wapi?" Binamu alikuwa amekaa pembeni yake, magoti yanakaribia kugusana.

Hapo ndo penyewe. Kwa anayesikiliza bila kuona, mtu yupo pale anapotoa sauti na akinyamaza ameondoka. Ni kama simu, unaongea na mama yako, ghafla kimya, unasema haloo, haloo, halafu unaitoa simu sikioni unaangalia kioo kama laini imekatika. Msikilizaji wa redio hana kioo cha kuangalia. Jukwaani mtu akinyamaza bado unamuona kakaa, ndo maana jukwaa lilihitaji mafundi, mlango wa sakafuni na viti viwili ili kumpoteza mtu mmoja. Redio inampoteza kwa kumnyamazisha tu. Mteja anaongea, anasifia lulu zake, komeo linalia kwenye chumba cha nyuma, mbao zinaguna, kishindo cha chini, kimya. Halafu Todd anaongea peke yake, na hakuna anayemjibu. Hicho kimya ndicho kiti kitupu.

Ila mpangilio wake lazima uwe sawa, manake mlio peke yake haujitambulishi. Usiku ukisikia kitu kimeanguka uani unaweza kudhani ni nazi, ni paka, ni mwizi karuka ukuta, mpaka mtu aseme. Kwa hiyo mwandishi wa redio inabidi akitaje kiti mapema, mteja aalikwe "kaa hapa," ikiwezekana asifie kilivyo kizito, ili mbao zikija kulia sikio liwe tayari linajua ni kitu gani kinacholia.

Sheria hiyo hiyo ina upande mgumu. Tobias, kijana anayejifunza kazi kwa Todd, ndiye anayeshuku mambo, na jukwaani anaweza kusimama pembeni bila neno na ukumbi mzima ukausoma uso wake. Redioni akisimama hivyo hayupo. Ni lazima afagie, akohoe, aombe ruhusa ya kutoka, aropoke kitu. CBC nafasi hiyo walimpa John Drainie, Todd akawa Mavor Moore, Mrs Lovett akawa Jane Mallett, maandishi yakaandaliwa na Ronald Hambleton kutoka kwenye mchezo wa Pitt wenyewe, chini ya uongozi wa Andrew Allan. Mwaka mmoja nyuma, 1946, kinyozi huyu alishapita redioni Marekani kwa mlango mwingine, kwenye mfululizo wa Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithini, wakati Basil Rathbone akiwa Holmes na Nigel Bruce akiwa rafiki yake Watson, humo mwigizaji anayecheza Todd jukwaani anakuja kwa Holmes akiwa na hofu kwamba yeye mwenyewe anaua watu usingizini.

Na milio yenyewe redio haikuivumbua yote. Majukwaa ya zamani yalishakuwa na bati la kutikisa kwa ajili ya radi, sanduku la njegere kavu la mvua, na vifuu viwili vya nazi kwa kwato za farasi, na mafundi wa redio wakavirithi vyote. Vifuu nimejaribu mwenyewe, ukivigonga juu ya sinia lenye mchanga ni farasi kwenye vumbi, ukivigonga sakafuni ni farasi barabarani. Melodrama, yaani michezo ya aina hii ya mwovu na mwema iliyosindikizwa na muziki, ilikuwa ya masikio toka mwanzo. Kabla ya sheria ya 1843 kumbi nyingi za London hazikuruhusiwa kuonyesha mchezo wa kuongea tu bila muziki, zikajaza muziki ili zipate kupita, na desturi ya muziki kukwambia mwovu anaingia ikabaki hata baada ya sheria kubadilika. Redio ilikuta nusu ya kazi imeshafanywa.

Kuna sehemu moja ambapo nadhani redio inalipita jukwaa kabisa. Kwenye mchezo wa Pitt, Mark Ingestrie, yule mteja mwenye lulu, ambaye ni baharia, anaanguka na kiti lakini hafi, na mwishoni anajitokeza mbele ya Todd, Todd anadhani anaona mzuka na kuchanganyikiwa. Jukwaani unamuona Mark na miguu yake miwili, unajua ni mtu. Redioni mzuka na mtu hai wametengenezwa kwa kitu kimoja, sauti. Mark akifungua mdomo tena, baada ya kile kimya chote tangu komeo lilipolia, kwa sekunde chache hujui umesikia nini, na Todd naye hajui.