Kisa kimoja, barua mbili: namna ya kuchambua mawasiliano ya biashara

Katika kazi za wanafunzi ninazosahihisha, kosa moja hujirudia kila muhula. Mwanafunzi hupewa kisa cha kampuni iliyoingia matatani, akakisimulia upya kurasa tatu, kisha akahitimisha kwamba "mawasiliano yalikuwa duni". Hilo lilijulikana kabla hajashika kalamu. Kazi yake ilikuwa kutuonyesha ni ujumbe upi ulioharibu mambo, uliandikiwa nani, lini, na ni neno gani ndani yake lililochoma.

Tuchukue kisa cha United Airlines, shirika la ndege la Marekani. Tarehe 9 Aprili 2017, katika uwanja wa O'Hare, Chicago, abiria aliyekataa kuacha kiti chake ili wafanyakazi wa shirika wasafiri aliburutwa na maofisa wa usalama hadi nje ya ndege. Abiria wenzake walirekodi video. Kesho yake mtendaji mkuu, Oscar Munoz, alitoa taarifa kwa umma akiomba radhi kwa kulazimika kuwapangia abiria safari nyingine. Siku hiyohiyo aliwaandikia wafanyakazi barua ya kuwaunga mkono, akimweleza abiria yule kuwa mkorofi. Barua ikavuja. Tarehe 11 akatoa taarifa mpya, safari hii akisema hakuna mtu anayestahili kutendewa vile.

Wengi huandika kwamba alichelewa kuomba radhi. Sikubaliani nao. Radhi ya kwanza ilitoka mapema tu. Kilichoiangusha ni lugha ya kaunta ya tiketi kupelekwa kwa watu waliokwisha kuona damu usoni mwa abiria. Barua ya ndani nayo haikukosa mantiki, maana wafanyakazi walihitaji kujua kwamba hawajatupwa. Iliandikwa tu kana kwamba wao peke yao ndio watakaoisoma.

Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wachore jedwali kabla ya kuandika sentensi hata moja ya maoni: tarehe, mwandishi, hadhira iliyokusudiwa, hadhira iliyousoma ujumbe kwa kweli, na mambo ambayo hadhira hiyo ilikuwa inayajua tayari. Safu ya mwisho huchosha kuijaza, lakini kisa chenyewe kimo humo. Pia humzuia mchambuzi kumhukumu mwandishi kwa mambo yaliyojulikana baadaye.

Visa vya kusifiwa vina mtego wao. Mwaka 1982 watu 7 walikufa katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu, vilivyotiwa sumu ya sianidi. Johnson & Johnson, kampuni yenye dawa hiyo, iliutahadharisha umma na kuondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, na hadi leo inatajwa kama mfano wa kuigwa. Sawa, ila wachunguzi walihitimisha kwamba sumu ile ilitiwa baada ya dawa kutoka kiwandani. Kampuni isiyo na hatia ina uhuru wa kusema ambao United, iliyotetea taratibu zake yenyewe, haikuwa nao. Anayezishauri zote mbili maneno yaleyale hajasoma kisa.

Kuhusu mapendekezo nitasema machache: "kampuni iboreshe mawasiliano" halipati alama kwangu. Andika barua yenyewe. Kwa kisa cha United, iandike upya ile ya wafanyakazi, kisha uisome kwa sauti kana kwamba abiria aliyeburutwa ameketi mbele yako.