Sarkoma ya Nyuma ya Tumbo: Nini Huamua Hali ya Mgonjwa Baada ya Upasuaji?

Ni ugonjwa gani huu?

Ni saratani ya tishu laini inayoota nyuma ya utumbo, karibu na figo na mishipa mikubwa ya damu. Aina mbili zinazoonekana zaidi ni liposakoma, inayotokana na mafuta, na leiomiosakoma, ya misuli laini. Huko nyuma nafasi ni kubwa na maumivu huchelewa, kwa hiyo wengi hufika hospitali uvimbe umeshapita sentimita 10, na hata 20 si ajabu.

Nini kina uzito kuliko vyote?

Upasuaji wa kwanza. Uvimbe utolewe mzima, bila kupasuka, pamoja na viungo vilivyoshikana nao: mara nyingi figo, kipande cha utumbo mpana, pengine bandama au mkia wa kongosho. Wagonjwa hushtuka kuambiwa figo nzima itaondolewa ilhali vipimo vinaonyesha iko salama. Sababu ni kwamba ganda la uvimbe si ganda halisi. Lina seli za saratani ndani yake. Ukimenya uvimbe kama chungwa ili kuinusuru figo, seli hubaki. Kabla ya hapo lazima figo ya upande wa pili ipimwe kama itatosha peke yake.

Ripoti ya maabara ikiandika R0, kingo za kilichokatwa ni safi, hazina saratani. R1 ni seli zilizobaki kingoni, zinazoonekana kwa hadubini tu. Kwa uvimbe mkubwa hivi hilo hutokea sana, wala si kushindwa. R2 ni saratani iliyoachwa ikionekana kwa macho, na hapo matarajio hushuka sana. Uvimbe uliopasuka mikononi mwa daktari, au uliokuwa na vinundu zaidi ya kimoja, nao hurudi kwa urahisi zaidi.

Na majibu ya maabara?

Angalia aina na daraja. Daraja hutokana na alama tatu: seli zimepotea sura kiasi gani, ngapi zinagawanyika, na kiasi gani cha uvimbe kimekufa. Mfano: sura (alama 3), seli 12 zinazogawanyika katika maeneo 10 ya hadubini (alama 2), iliyokufa chini ya nusu (alama 1). Jumla 6, daraja la 3, lile kali.

Alama hizo hupotea kirahisi. Formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, huingia kwenye nyama takriban milimita 1 kwa saa, kwa hiyo uvimbe mkubwa uliosukumizwa mzima kwenye ndoo ndogo huozea katikati kabla ya kufika maabara. Formalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama.

Kuchukua kipande kidogo cha uvimbe ili kipimwe kabla ya upasuaji hakusambazi saratani?

Hatari ni ndogo sana sindano nene ikipitishwa ubavuni au mgongoni kwa kuongozwa na picha. Linaloharibu ni kufungua tumbo ili kukata kipande tu.

Mionzi husaidia?

Utafiti uitwao STRASS, uliochapishwa mwaka 2020 ukiwa na wagonjwa 266, haukuonyesha faida ya mionzi kabla ya upasuaji kwa wagonjwa wote kwa jumla. Kwa liposakoma bado inajadiliwa.

Matarajio yakoje kwa tarakimu?

Kati ya wagonjwa 1,007 waliopasuliwa mwaka 2002 hadi 2011 katika hospitali 8 za Ulaya na Amerika Kaskazini, asilimia 67 walikuwa hai baada ya miaka 5. Hizo ni hospitali zinazopasua sarkoma kila mara. Palipo na uzoefu mdogo usitegemee tarakimu hiyo. Umri mkubwa na daraja la 3 huishusha, liposakoma isiyo kali huipandisha.

Baada ya hapo nifuatiliwe vipi?

Liposakoma hurudi zaidi palepale tumboni, leiomiosakoma hukimbilia mapafu na ini. Ndiyo maana picha ya CT hupigwa kifua, tumbo na nyonga: kila miezi 3 hadi 4 kwa miaka 2 au 3 ya mwanzo kama daraja ni kali, kisha kila miezi 6 mpaka mwaka wa 5, halafu kila mwaka. Usiache baada ya mwaka wa 5, maana liposakoma huweza kurudi hata baada ya miaka 10. Tunza picha zote za zamani. Bila ya kulinganisha, kovu na uvimbe mpya hufanana.