Uingereza kurejea Umoja wa Ulaya: wananchi wafahamu nini

Juni 2026 inatimia miaka kumi tangu Waingereza wapige kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Kadiri tarehe hiyo ilivyokaribia, maswali yanayofika katika kitengo chetu cha mikataba ya mtangamano yameongezeka. Wanafunzi wanauliza: ikiwa kura za maoni zinaonyesha Waingereza wengi sasa wanaona uamuzi ule ulikuwa wa makosa, kwa nini wasirudi tu? Wafanyabiashara wa mipakani wana swali lao, nalo huja kila nchi zetu zinapovutana. Lilikuja Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu mwaka 2021, likaja tena Tanzania ilipozuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara ndogo Julai 2025: kwa nini tusijitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki, halafu tukiona mambo magumu turudi?

Maswali yote mawili yanaulizwa kwa nia njema, lakini yana kosa moja ndani yake. Kabla sijalieleza, ieleweke kuwa haya ni maelezo ya kitaalamu, si msimamo wa kitaasisi kuhusu siasa za nchi nyingine.

Kosa lenyewe ni kuchanganya kufuta taarifa ya kujitoa na kurudi baada ya kutoka. Anayejua taratibu za ndoa ya Kiislamu atanielewa upesi. Katika talaka rejea, mume anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda, yaani muda wa mke kungoja baada ya talaka, bila kufunga ndoa nyingine. Eda ikiisha, ni posa upya, mahari upya na ridhaa ya mke upya. Mikataba ya mtangamano nayo ina eda yake, na eda ya Uingereza ilikwisha tarehe 31 Januari 2020, saa tano usiku kwa saa za London.

Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inaitaka nchi inayotaka kutoka ipeleke taarifa kwa Baraza la Ulaya, yaani kikao cha wakuu wa nchi wanachama. Kuanzia hapo inahesabiwa miaka miwili ya kujadiliana masharti ya kutoka. Muda huo unaweza kuongezwa, ila kwa kauli moja ya wanachama wengine wote. Waziri Mkuu Theresa May alipeleka barua tarehe 29 Machi 2017, tena baada ya Mahakama ya Juu ya nchi yake kuamua kwamba hawezi kufanya hivyo bila idhini ya Bunge. Muda uliongezwa mara tatu, ya mwisho ikiwa hadi 31 Januari 2020.

Katikati ya muda huo kulitokea jambo ambalo watu wengi wamelisahau. Tarehe 10 Desemba 2018, Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika shauri lililofunguliwa na wanasiasa wa Scotland, iliamua kwamba nchi iliyotoa taarifa inaweza kuifuta yenyewe, bila kuomba ruhusa ya mwanachama yeyote. Masharti ni kwamba kufuta kufanyike kwa maandishi, kusiwe na utata wala kusiambatane na sharti lolote, na kufuate utaratibu wa kidemokrasia wa nchi husika. Ikishafuta, nchi inabaki mwanachama kwa masharti yale yale iliyokuwa nayo. Mwaka 2019 zaidi ya watu milioni 6 walitia saini ombi la kulitaka Bunge la Uingereza lichukue njia hiyo, na Serikali ikakataa. Basi asiseme mtu kwamba Uingereza haikuwa na nafasi ya kufikiri upya. Ilikuwa nayo, ikiwa bure kabisa, kwa karibu miaka mitatu.

Leo njia iliyobaki ni Ibara ya 49, ile ile wanayopitia waombaji wapya. Hakuna dirisha la wanachama wa zamani, na naomba hili lieleweke maana tumelijibu mara nyingi mno. Bunge la Uingereza kufuta sheria zake lenyewe hakurudishi uanachama hata kwa siku moja. Nchi inaandika maombi kwa Baraza la mawaziri wa Umoja. Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, inatoa maoni. Wanachama wote 27 wanakubali kwa kauli moja. Majadiliano yanafuata, nayo yamegawanywa katika sura 35, kuanzia ushindani wa biashara hadi uvuvi, na kila sura hufunguliwa na kufungwa kwa kauli moja. Bunge la Ulaya linaridhia, kisha mkataba wa kujiunga unaridhiwa na kila nchi kwa katiba yake. Austria, Sweden na Finland zilianza mazungumzo Februari 1993, zikaingia Januari 1995. Croatia iliomba 2003, ikaingia 2013. Uturuki iliomba mwaka 1987 na bado iko nje. Uingereza yenyewe ilikataliwa mara mbili na Jenerali de Gaulle wa Ufaransa, mwaka 1963 na 1967, kabla ya kukubaliwa kuanzia Januari 1973.

Wapo pia wanaodai kwamba Ulaya itaikomoa Uingereza kwa kuisubirisha. Mkataba hauna adhabu ya namna hiyo wala muda maalumu wa kungoja. Kilichopo ni kwamba nafuu za zamani hazimrejei mtu zenyewe. Uingereza iliruhusiwa kubaki na pauni. Haikulazimika kuingia katika eneo la Schengen, ambamo watu huvuka mipaka bila kukaguliwa pasipoti. Tangu 1984, Waziri Mkuu wake Margaret Thatcher alipopata makubaliano ya Fontainebleau, Ufaransa, ilikuwa ikirudishiwa sehemu ya mchango wake katika bajeti. Mambo hayo yalipatikana kwa miaka mingi ya kuvutana mtu akiwa ndani. Mwombaji mpya, kwa kanuni, anaahidi kuelekea kwenye sarafu ya euro. Kura za maoni zinazomuuliza mwananchi kama anataka kurudi, bila kumtajia pauni na mchango, zinamuuliza nusu ya swali.

Je, Uingereza ifikirie upya? Nionavyo mimi, ndiyo, na inayo haki ya kufanya hivyo. Kura ya 2016 ilikuwa asilimia 51.9 kwa 48.1, na karatasi ya kura haikusema ni kujitoa kwa namna gani: kubaki ndani ya umoja wa forodha au kutoka kabisa. Scotland na Ireland Kaskazini zilipiga kura ya kubaki. Leo gharama zinajulikana. Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti ya Uingereza inakadiria kwamba, kwa muda mrefu, tija ya uchumi wao itakuwa chini kwa takriban asilimia 4 kuliko kama wangebaki. Mkataba wa biashara uliotiwa saini Desemba 2020 uliondoa ushuru kwa bidhaa zenye uasili wa pande hizo mbili, yaani zilizozalishwa huko, lakini makaratasi ukayaacha: tamko la forodha, uthibitisho wa uasili, na cheti cha daktari wa mifugo kwa nyama na maziwa. Kampuni kubwa huajiri wakala wa forodha. Mtengeneza jibini mdogo huacha kuuza nje.

Maua ya Kenya ni mfano ulio karibu nasi. Mengi hupitia mnadani Aalsmeer, Uholanzi, ndipo yafike London. Uingereza ilipokuwa ndani, kati ya Uholanzi na London hapakuwa na mpaka wa forodha. Ilipotoka, Nairobi na London zililazimika kutia saini mkataba wao Desemba 2020, na hata hivyo maua yaliyopitia nchi ya tatu yaliweza kutozwa ushuru wa asilimia 8, hadi Uingereza iliposimamisha ushuru huo kwa muda Aprili 2024.

Kufikiri upya kwenyewe kumekwisha kuanza, kidogo kidogo. Makubaliano ya Windsor ya 2023 yalilegeza ukaguzi wa bidhaa zinazokwenda Ireland Kaskazini. Januari 2024 Uingereza ilirudi katika mpango wa utafiti wa Horizon. Mei 2025 pande mbili zilikubaliana London kutafuta mkataba wa usalama wa chakula na mimea. Serikali ya Keir Starmer, ilipoingia Julai 2024, ilisema haitarudi katika soko la pamoja, umoja wa forodha wala uhuru wa watu kuhama. Kwa mipaka hiyo, kinachoweza kupatikana ni nafuu za kisekta, na si haki kuziita kurejea.

Sasa niwajibu wafanyabiashara wetu. Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu nchi kujitoa. Kwanza Bunge lake lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, si ya waliohudhuria. Kisha ipeleke taarifa ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu, na inaweza kuifuta kabla miezi hiyo haijaisha. Ndani ya miezi hiyo, wajibu wote unaendelea. Anayedhani tangazo la kujitoa linasimamisha forodha ajue kwamba kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 kitaendelea kumhusu: tamko la uongo ni kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Siku ya kutoka ikifika, kinachokufa ni kile kinachomfaa mdogo zaidi, yaani cheti rahisi cha uasili wa bidhaa anachopewa mpakani mwenye mzigo usiozidi dola 2,000.

Na madeni hayafi. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, lakini makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Arusha Mei 1984. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao mahakamani miaka mingi baadaye, wengine wakafa wakidai. Wanaoshangilia kujitoa wawakumbuke hao.

Mwenye mahindi yaliyozuiwa ana njia fupi zaidi ya kujitoa. Apeleke malalamiko kwenye kamati ya kitaifa ya vikwazo visivyo vya kiforodha, akiambatisha nakala za cheti cha uasili, cheti cha afya ya mimea na barua ya kuzuiwa. Akiona uamuzi wa Serikali umekiuka Mkataba, Ibara ya 30 inampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kufungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Muda ni miezi miwili tangu uamuzi ulipotolewa au alipoufahamu, na hauhesabiwi tangu alipomaliza kulalamika mitandaoni. Wengi hutufikia muda huo ukiwa umepita.