Mnara wa Dingwall na askari waliogeuka Omdurman

Juu ya kilima chenye makaburi mjini Dingwall, kaskazini mwa Uskoti, umesimama mnara mrefu wa mawe, kileleni una meno kama ya ngome. Ni wa kumkumbuka Meja Jenerali Hector Macdonald, mtoto wa mkulima mdogo wa jirani na hapo, mzungumzaji wa Kigaeli, aliyejiunga na jeshi mwaka 1870 kama askari wa kawaida akapanda hadi ujenerali. Katika jeshi la Malkia Victoria, ambako vyeo vikubwa vilifuata ukoo na mali, hilo lilikuwa jambo la nadra.

Mnara husomwa kuanzia mwaka wake, na huu ni wa 1907. Miaka minne nyuma, Macdonald, wakati huo kamanda wa majeshi Ceylon (leo Sri Lanka), alituhumiwa kufanya mapenzi na wavulana, akatakiwa kukabili mahakama ya kijeshi. Tarehe 25 Machi 1903 alijipiga risasi hotelini Paris. Akazikwa Edinburgh alfajiri, kimyakimya. Kwa maoni yangu, watu wa kwao waliochanga fedha za ujenzi walikuwa wanamtetea mwana wao kuliko kushangilia ushindi wowote.

Ushindi wenyewe ulikuwa Omdurman, Sudan, tarehe 2 Septemba 1898. Brigedi yake, ya jeshi la Misri lililoongozwa na Waingereza, ilivamiwa kutoka magharibi. Kabla haijavuta pumzi, jeshi jingine la Khalifa, mtawala wa Sudan wakati huo, likaibuka kaskazini. Macdonald akazigeuza batalioni zake moja baada ya nyingine, bunduki zikiendelea kulia. Siku hiyo walikufa wafuasi wa Khalifa wapatao 10,000. Upande wa Kitchener, kamanda wa Waingereza na Wamisri, walikufa 48.

Lakini waliogeuka ni akina nani? Batalioni tatu za Wasudani na moja ya Wamisri. Wengi wa Wasudani hao walitoka milima ya Nuba na kusini, na si wachache waliokuwa watumwa au mateka kabla ya kuvishwa sare.

Ndugu zao tunao huku kwetu. Askari Wasudani wa jeshi la Misri waliokuwa wamebaki na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, walichukuliwa na Lugard, afisa Mwingereza, mwaka 1891, akaingia nao Uganda. Wanubi wa Bombo (Uganda) na Kibera (Nairobi) wengi ni uzao wao, na Kinubi wanachoongea nyumbani hadi leo ni Kiarabu kilichozaliwa katika kambi za jeshi hilo.